Mita Zilizoacha Kung'aa: Shajara ya Kufufua R-390A

Siku ya 1

Mzigo umefika. R-390A moja nzima, pamoja na sanduku la mbao lililojaa makorokoro ambalo muuzaji alinipa kama nyongeza. Redio ina uzito wa kilo 38 hivi. Mimi na mpwa wangu tumeibeba tukipumzika kila baada ya hatua tano, na sasa imekaa mezani, meza imebonyea.

Kwa asiyeijua, hiki ni kipokezi kilichobuniwa na kampuni ya Collins kwa ajili ya jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kinashika kuanzia megahezi 0.5 hadi 32, kina vali 26 (tyubu za kioo zilizotumika kabla ya transista), na masafa yake husomeka kwa namba zinazozungushwa na gia, kama namba za kilometa kwenye gari la zamani. Gia hizo ndizo zilizoniroga.

Nimelipa zaidi ya wenzangu kwa sababu moja tu: hii ina mita zake mbili za asili, ya nguvu ya mawimbi na ya kiwango cha sauti. R-390A nyingi zilizotoka maghalani zina matundu mawili matupu usoni. Nadhani ni kazi ya wezi wa vipuri.

Nimefungua vifuniko na kutoa vumbi kwa brashi ya rangi ya inchi mbili, kisha nikapitisha mashine ya kuvuta vumbi kila kona. Kioo cha mita ya kushoto kina ufa na kipande kidogo kimeng'oka pembeni. Mpwa wangu akainama akasema, "Mjomba, huu mshale unapukutika." Nikamwambia ni uzee, hata mimi napukutika. Nikapitisha brashi na hapo.

Siku ya 2

Leo ni umeme. Kitu kilicholala miaka mingi hakiamshwi kwa kuchomekwa ukutani.

Kwanza nimehakikisha swichi ya kuchagua volti 115 au 230 iko upande unaofaa. Pili, filta ya njia ya umeme. Ndani yake kuna kapasita, vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme, zinazotoka kwenye kila waya wa umeme kwenda kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya redio. Jeshini chasisi ilifungwa kwenye ethi, yaani ardhini, kwa waya mnene, kwa hiyo kilichovuja kilikuwa na pa kwenda. Nyumbani, plagi ikiwa ya pini mbili, chasisi huelea karibu na nusu ya volti za ukutani. Shika nobu kwa mkono mmoja na kitu chenye ethi kwa mkono wa pili, na wewe ndiwe waya. Ukifunga ethi kama inavyotakiwa, swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja huruka papo hapo. Hapo ndipo wengi hukata waya wa ethi ili redio "ifanye kazi". Nimewahi kununua kifaa cha kijeshi ambacho ethi yake ilikatwa hivyo na kufunikwa kwa utepe mweusi, nadhifu kabisa. Aliyekata hakuacha hata alama ya kalamu.

Mimi nitatumia transfoma ya kutenganisha redio na umeme wa ukutani, na chasisi itabaki imefungwa kwenye ethi kwa boliti.

Kapasita kubwa nimezimwaga chaji kwa fimbo yenye rezista, nikapima, nikasubiri dakika kumi, nikapima tena. Kusubiri huku watu hukuruka. Kapasita inaweza kuonyesha sifuri baada ya kumwagwa, kisha ikajikusanyia volti upya yenyewe, kwa sababu chaji nyingine ilikuwa imejificha ndani ya kihami chake. Za hapa hazikuwa na kitu. Za redio ya kurushia matangazo zingekuwa habari nyingine.

Hatari nyingine ni ya redio yenyewe, si yangu. Kuna kapasita iitwayo C553, ya maikrofaradi 0.01, inayozuia volti kubwa za vali zisiingie kwenye filta za mekanika, zile zinazochuja stesheni moja kutoka nyingine. Ikishika shoti, filta inaungua, na filta hizo hazitengenezwi tena. Kila anayeimiliki R-390A hubadilisha C553 kabla ya kuwasha, na mimi nimeagiza.

Siku ya 3

Vipuri havijafika. Nimefunika redio kwa karatasi ya plastiki.

Siku ya 4

Mzee wangu wa redio amekuja kuiona. Ndiye aliyenifundisha mosi, ile lugha ya redio ya milio mifupi na mirefu, na amezigusa redio za kijeshi tangu kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa tayari kwenye mita.

"Mwanangu, hizo mita umezipima?"

"Nimezipima, mzee. Zote mbili sindano inacheza."

"Sikukuuliza kama inacheza."

Akatoa mfukoni kipima mionzi cha Geiger chenye dirisha pana la mika, utando mwembamba wa madini, akakiweka mezani kwanza mbali na redio: milio 38 kwa dakika, hali ya kawaida ya chumba. Akakisogeza hadi sentimita mbili kutoka kwenye kioo cha mita ya kulia. Milio ikaungana ikawa kama mafuta yanayokaangwa. Ilipotulia ilisoma zaidi ya 6,000. Ya kushoto, yenye ufa, ilizidi kidogo.

Rangi iliyo kwenye mishale na alama za mita ni rangi ya radiamu, metali inayotoa mionzi. Rangi hiyo ilikuwa mchanganyiko wa radiamu 226 na zinki salfaidi. Radiamu hupiga, zinki salfaidi hung'aa kwa kupigwa, na mwanajeshi husoma mita gizani bila taa. Nilizizima taa jana usiku nikaona mita hazing'ai hata chembe, nikadhani chochote kilichokuwamo kimekwisha. Mzee akacheka. Kilichokufa ni zinki salfaidi, imechoshwa na kupigwa miaka yote hiyo. Radiamu 226 hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kwa miaka 70 imepungua asilimia 3 tu, na asilimia 97 bado imo, inapiga gizani kitu kisichoweza tena kuitikia.

Na yale matundu matupu? Hayakuwa ya wezi. Jeshi lenyewe lilizing'oa mita kwa sababu ya radiamu kabla ya kuziuza redio. Mimi nimelipa ziada ili nipewe kile ambacho jeshi lilikuwa na akili ya kukitoa.

Kisha mzee akauliza nimesafishaje. Nikamwonyesha brashi. Hakucheka tena.

Siku ya 5

Siku nzima nimefuata vumbi.

Nilianza na kipima changu mwenyewe, kile kidogo chenye tyubu ya SBM-20. Kwenye brashi hakikuonyesha chochote cha maana, nikafarijika kwa dakika tano hivi. Faraja ya uongo. SBM-20 ina ukuta wa chuma, na chembe za alfa, ile aina nzito ya mionzi ya radiamu, hazipenyi chuma, hata karatasi ya daftari haziipenyi. Inaona aina nyingine mbili za mionzi, gama na beta zenye nguvu, basi. Kwa mita nzima inatosha kukushtua, lakini kwa punje za rangi kwenye nywele za brashi ni sawa na kumtuma kipofu akahesabu kuku. Kipima cha mzee, ambacho ameniachia, dirisha lake la mika ni jembamba kiasi cha kupitisha alfa. Matokeo:

Brashi: 410 kwa dakika. Nikiweka karatasi katikati: 230. Kwa hiyo karibu nusu ilikuwa alfa, na alfa kwenye brashi maana yake punje ziko wazi, hazina kioo juu yake.

Kitambaa cha meza, mbele ya mita ya kushoto: 140, sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja.

Mfuko wa mashine ya kuvuta vumbi: 120 kutoka nje ya mfuko. Mashine hizi za kawaida hurusha hewani vumbi laini linalopenya mfuko, kwa hiyo sijui kilichomo mle ni kiasi gani cha kilichotoka mezani.

Mikono yangu, nywele, shati, viatu: kawaida. Nilipima viatu mara tatu. Nikampigia mpwa wangu aje na nguo alizovaa siku ile. Naye ni salama, ila amefurahia mno kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyeuona mshale ukipukutika.

Nje ya mwili alfa si kitu, ngozi iliyokufa juu ya vidole inaizuia. Ndani ndiko inakofanya kazi, kwa sababu mwili huichukulia radiamu kama kalsiamu na kuijenga mifupani, na huko hukaa. Wasichana waliopaka rangi hii kwenye saa katika viwanda vya Marekani miaka ya 1910 na 1920 walifundishwa kuinoa ncha ya brashi kwa midomo ili mstari uwe mwembamba. Mifupa ya taya zao ilioza. Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu zamani, na bado siku ya 1 nilishika brashi.

Kitu kimoja kimenipa shaka. Upande wa ndani wa ile plastiki niliyofunikia redio nao umesoma 95, mahali ambapo brashi haikufika kabisa. Mzee amesema nisiseme neno hadi kesho: nitundike plastiki na brashi chumba kingine, nipime tena asubuhi.

Siku ya 6

Plastiki: 39. Brashi: 405.

Radiamu ikioza, yaani ikigeuka yenyewe kuwa kitu kingine, hutoa redoni, nayo ni gesi. Haihitaji ufa mkubwa, hutoka kwenye mita polepole na kujaa popote palipofungwa. Redoni yenyewe huzaa risasi 214 (madini ya risasi) na bismuthi 214, ambazo hupungua nusu kwa dakika 27 na 20 hivi, na hizo hunata kwenye vumbi na kwenye plastiki yenye umemetuli. Ukiziacha usiku mmoja zimekwisha. Radiamu haimaliziki kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu plastiki imerudi kawaida na brashi imebaki vilevile. Kwa hiyo nina uchafu wa radiamu sehemu tatu tu: brashi, kitambaa, mfuko.

Kama una kabati lililofungwa lenye mita au saa kadhaa za aina hii, lifungue dirisha likiwa wazi na usiingize kichwa kwanza. Na usilale chumba hicho.

Siku ya 8

Mita zimetoka. Glavu za nitraili, barakoa inayozuia vumbi laini, na meza nimeifunika magazeti yaliyoloweshwa kidogo. Hakuna brashi, hakuna hewa ya kupuliza, hakuna mashine. Ufa wa mita ya kushoto nimeuziba kwa utepe kabla ya kuigusa skrubu yoyote. Kila mita kwenye mfuko wake wa nailoni wenye zipu, mifuko yote kwenye kopo la chuma, kopo limeandikwa kwa kalamu nene: RADIAMU, USIFUNGUE. Nimeandika pia tarehe na namba niliyoipima, kwa sababu kopo hili litaishi kuliko mimi.

Uso wa redio na meza nimeifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikikunja upande safi kila mara na kutupa kitambaa mfukoni kila baada ya kupita mara chache. Mara ya nne meza ilisoma 41. Kitambaa cha meza chenyewe sikujaribu kukifua, kimeingia kwenye kopo la pili pamoja na brashi na mfuko wa mashine.

Mtu mmoja amenishauri niikwangue tu rangi ya zamani na kupaka mpya. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote niliosikia mwaka huu. Rangi iliyo nyuma ya kioo kizima, kwenye redio iliyo umbali wa mkono, haikudhuru kwa maana kubwa. Nilipima nilipokaa, sentimita 60, na tofauti na hali ya kawaida ilikuwa ndogo mno. Ukiikwangua unaigeuza kuwa vumbi, na vumbi ndilo tatizo lote.

Mita mpya ni za kisasa, za miliampea 1, nimezirekebishia rezista. Sura yake si ileile. Nimeizoea kwa saa moja.

Siku ya 11

Vipuri vimefika, lakini leo nimeligeukia lile sanduku la nyongeza. Baada ya mita, sithubutu kulichokonoa kwa mikono mitupu. Nimekitoa kitu kimoja kimoja, nikakipanga sakafuni, nikajiuliza swali lilelile kwa kila kimoja: jeshini nani aliyekuwa na kazi ya kujua hiki ni nini? Maana kila kitu mle kilikuwa na mtu wake, kitabu chake cha maelekezo, na ghala lenye utaratibu wa kukiharibu. Kwenye mtumba kinakuja kitu peke yake. Kitabu hakiji, mtu haji, na kibandiko cha onyo mara nyingi kimebanduka.

Kapasita ya bati, kubwa kama tofali, maikrofaradi 4, volti 2,000. Ubavuni imeandikwa Pyranol. Hilo ni jina la biashara la General Electric la mafuta ya PCB. Westinghouse waliyaita Inerteen, Cornell-Dubilier waliyaita Dykanol. Herufi PCB humchanganya fundi wa leo akadhani ni bodi ya saketi. Haya ni mafuta yenye klorini, yasiyoshika moto kirahisi, kwa hiyo yalipendwa sana. Hayaozi ardhini, hujikusanya kwenye mafuta ya mwili, na yakiungua vibaya hutoa sumu kali kuyazidi yenyewe. Marekani ilikataza kuyatengeneza mwaka 1979. Mzee aliniambia mafuta ya PCB huzama kwenye maji na mafuta ya madini huelea, kwa hiyo tone moja lingetuambia. Ni kweli, lakini tone hilo linataka nitoboe bati, na bati halivuji. Litabaki halivuji. Nimeliweka kwenye ndoo yenye kifuniko, limesimama wima.

Jambo dogo lililonipendeza: kwenye ncha zake mbili palikuwa na waya wa shaba umezungushwa kuziunganisha. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alihakikisha kapasita hii haijikusanyii chaji ikilala. Waya huo ndio maelekezo pekee yaliyokuja na sanduku zima.

Vali tatu za gesi, ndogo, za kushikilia volti zisipande wala kushuka. Moja ina kibandiko kilichofifia chenye alama ya mionzi. Gesi iliyo gizani kabisa huchelewa kuwaka kwa sababu haina ioni ya kuanzia, ndiyo maana baadhi ya vali hizi, na tyubu za kulinda vipokezi vya rada, ziliwekwa kiasi kidogo cha kitu chenye mionzi kiwashe cheche ya kwanza. Kioo kikiwa kizima hakuna habari. Kipima kimesema 44, sawa na hakuna kitu. Nimezifungia hivyohivyo. Vali ya mionzi haivunjwi ili kuona ndani.

Transista nne za nguvu za masafa ya redio, zenye kitako cha shaba na kifuniko cheupe cha kauri. Hizi ndizo nilizofurahia kuzikuta, na nilikuwa na mpango wa kuchonga kitako cha moja ili ikae vizuri kwenye bati la kupoozea. Nimeuacha mpango. Kauri nyeupe kwenye transista za aina hii mara nyingi ni oksidi ya beriliamu, kwa sababu inapitisha joto karibu sawa na alumini yenyewe huku ikizuia umeme. Ikiwa nzima unaweza kuishika mchana kutwa. Ikisagwa, vumbi lake likiingia mapafuni mwa mtu ambaye mwili wake unaichukia, huleta ugonjwa wa mapafu usiopona, na unaweza kuanza miaka mingi baadaye. Kwa macho huwezi kuitofautisha na alumina, kauri ya kawaida isiyo na hatia. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kijinga na inatosha: kauri yoyote nyeupe kutoka kifaa cha nguvu haipigwi tupa, haikatwi, haivunjwi. Moja ya hizo nne ina ufa. Imeingia mfukoni bila kuguswa mara mbili.

Rektifaya ya seleniamu (hugeuza umeme wa AC kuwa DC), mapezi kama ya bomba la mvuke. Mafundi wanaijua kwa harufu: ikiungua hunuka uvundo usiosahaulika, na uvundo huo wenyewe ni sumu. Ukiusikia, zima, toka, fungua madirisha. Nitaweka diodi za silikoni mahali pake, na rezista mfululizo, kwa kuwa silikoni haipotezi volti kama seleniamu na kila kitu mbele yake kitapata umeme mwingi kuliko kilivyozoea.

Chini kabisa palikuwa na konekta za rangi ya majani makavu na skrubu za rangi ya dhahabu. Hiyo ni kadimiamu, metali yenye sumu iliyopakwa kuzuia kutu. Moja imeota unga mweupe wenye manjano. Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji, sikuisugua kwa brashi ya waya. Na chuma kilichopakwa kadimiamu hakipashwi moto kwa tochi, moshi wake huumiza mapafu na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau ulichofanya.

Siku ya 12

Nimepumzika. Mpwa wangu ametengeneza kibandiko cha kopo, kimechorwa fuvu lenye vipokea sauti masikioni. Nimekikubali.

Siku ya 15

Habari za shajara hii zimesambaa miongoni mwa wenzangu na simu haipumziki. Mawili yamenifanya niandike.

Mmoja amepata kisanduku cha IFF cha ndegevita cha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kile kinachojibu rada kwamba "mimi ni wa kwenu". Anataka kukifungua usiku huu. Nikamwomba asikiguse. IFF za Marekani za wakati ule, kama BC-966, zilikuwa na mahali pa kuweka fataki ndogo ya kuteketeza vilivyomo ndani ili adui asivione. Rubani aliilipua kwa kubonyeza vitufe viwili, au swichi ya mshtuko iliilipua yenyewe ndege ikianguka. Nyingi ziliuzwa zikiwa hazina kitu. Neno "nyingi" silitegemei mbele ya baruti ya miaka 80. Amewapigia wataalamu wa mabomu. Kisanduku kilikuwa kitupu, lakini hakuna aliyemcheka.

Wa pili ana betri za redio ya mgongoni, aina ya BA-5590. Mle kuna seli kumi za lithiamu na salfa dioksaidi, na salfa dioksaidi hiyo imeshindiliwa kwa shinikizo. Ikipigwa shoti, ikitobolewa au ikijaribiwa kuchajiwa, hupasua mlango wake wa dharura na kutema gesi inayokaba koo. Betri hizi zina swichi ya kumaliza umeme wote uliobaki kabla ya kutupwa, lakini mnunuzi hudhani ni swichi ya kuwashia. Alikuwa ameshaandaa chaja.

Siku ya 19

C553 imebadilishwa, na nyingine kumi na mbili. Kwenye chasisi kuna muhuri wa MFP na tarehe: kifaa kilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu na ukungu. Ukungu haukufa kwa vanishi tupu. Ndani yake waliweka dawa za kuua ukungu, na baadhi ya dawa hizo zina zebaki. Nimelehemu feni ikivuta moshi kwenda nje na sijaukaribia moshi kama nilivyozoea. Nimekuwa mtu wa kusoma mihuri.

Kuwasha: volti zimepanda polepole kwa variaki (transfoma ya kurekebisha volti), kwa saa mbili, mkono mmoja mfukoni. Saa ya pili vali zimewaka rangi ya chungwa, moja baada ya nyingine. Mpwa wangu akazungusha nobu, gia zikalia kama cherehani, na saa 3 usiku tukanasa mosi kwenye megahezi 7, safi, mbele ya kelele. Mita mpya ikapanda. Mzee alikuwa kwenye simu akisikiliza. "Hiyo mita ni mbaya," akasema, "lakini sauti ni nzuri."

Siku ya 23

Ofisi ya mionzi imenijibu: watachukua kopo zote mbili pamoja na mifuko. Kapasita ya Pyranol itakwenda kwa wanaoshughulikia taka za sumu, foleni yao ni ndefu. Wameniuliza ni vitu gani hasa viko kwenye kopo la pili. Nikaorodhesha: kitambaa cha meza, mfuko wa mashine ya vumbi, glavu, vitambaa vya kufutia. Brashi moja ya rangi, inchi mbili.

Nimeipima tena kabla ya kufunga kifuniko. 408.